Mandazi Imeisha

Hivi ni lazima mandazi yaishe mimi nikikaribia? Nauliza tu, jamani. Asubuhi, Kondele hapa Kisumu, mvua imeninyeshea, nimekaa kwenye benchi nikaitisha chai ya maziwa.

"Na nini?" Mandazi. "Imeisha." Chapati. "Bado haijaiva." Nduma je? Dada ananitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Kuna mkate."

Mkate! Vipande viwili vyembamba, ukiinua kimoja unaona hadi Maseno. Majarini imepakwa kwa uchoyo. Unachovya mara moja tu, kimekatika, kimezama. Sasa hiyo ni chai ama uji? Na kwa vile chai inachoma ulimi, mkate unaisha kikombe kingali kimejaa. Kericho na Nandi ziko hapo tu, majani ya chai yametuzunguka, lakini cha kutafuna hakuna!

Jioni nayo? Unashuka Dunga, ufuoni mwa ziwa, unaagiza bia na samaki wa kukaanga. "Baridi ama moto?" Baridi, na uilete pamoja na samaki, tafadhali. Bia inafika papo hapo. Samaki anafika chupa ya pili ikiwa tupu, na ile ya kushushia ugali ina joto la kuogea mtoto. (Wazee wa busaa waliona mbali: chungu kimoja, mirija mirefu, pombe vuguvugu, hakuna wa kukuuliza baridi ama moto.)

Kesho natembea na mandazi yangu mfukoni. Na mtu akiniomba kipande, imeisha.