Mama yake Philip hakuwa kituko

Juzi nilitumiwa video fupi kuhusu familia ya kifalme ya Uingereza, mojawapo ya zile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikisindikizwa na kinanda cha huzuni. Msimulizi wake, mwenye Kiswahili kizuri kuliko adabu, alimmaliza Alice wa Battenberg kwa pumzi moja: alikuwa kiziwi, akapata wazimu, akaishia kuvaa joho la utawa. Baada ya hapo akaendelea na vito vya Diana, ambavyo bila shaka vilistahili muda zaidi.

Kwa kuwa wengi wanamjua Alice kama mama yake Philip tu, yaani mama mkwe wa Malkia Elizabeth, ni haki tuanze mbali kidogo. Alizaliwa katika kasri la Windsor tarehe 25 Februari 1885, kitukuu wa Malkia Victoria, naye Victoria mwenyewe alikuwapo siku hiyo. Alizaliwa na uziwi, akajifunza kusoma midomo ya watu kwa zaidi ya lugha moja. Mwaka 1903 aliolewa huko Darmstadt na Andrew, mwana wa mfalme wa Ugiriki, akamzalia mabinti wanne na kitinda mimba, Philip, aliyezaliwa Corfu mwaka 1921. Wakati wa Vita vya Balkan aliuguza majeruhi kwa mikono yake. Kisha Ugiriki ikashindwa vita na Uturuki, Andrew akashtakiwa na kufukuzwa nchini, na mwishoni mwa 1922 familia nzima ikaondolewa kwa manowari ya Waingereza, Philip akiwa amelazwa ndani ya kreti la machungwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakiishi uhamishoni karibu na Paris, Alice alianza kusema kwamba anapokea ujumbe kutoka mbinguni na kwamba ana uwezo wa kuponya watu. Mwaka 1930 madaktari wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze mguso na uhalisia. Sigmund Freud mwenyewe, yule daktari mashuhuri wa mambo ya nafsi, aliombwa ushauri, na ushauri wake, naomba uusome ukiwa umeketi, ulikuwa kwamba ovari za mama huyu zipigwe miale ya eksirei ili hedhi ikome mapema na tamaa za mwili zipoe. Wakafanya hivyo. Mwezi Mei mwaka huo, watoto wakiwa wametolewa matembezi, alidungwa dawa ya kumtuliza na kupelekwa Kreuzlingen, Uswisi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambako alizuiliwa zaidi ya miaka miwili huku akisisitiza kwamba yu mzima. Philip, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka tisa, alirudi nyumbani na kukuta mama hayupo. Mabinti wote wanne waliolewa kati ya mwisho wa 1930 na Agosti 1931, wala mama yao hakuhudhuria harusi hata moja. Na baba wa nyumba je? Andrew alifunga nyumba, akamwacha mwanawe alelewe na ndugu wa mkewe huko Uingereza, akaenda kustarehe kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, ambako baadaye aliishi na hawara yake. Hakuna daktari aliyeitwa kumpima, na hadi leo hakuna video inayomwita mwendawazimu.

Sikatai kwamba Alice aliugua. Mtu anayejitangaza kuwa bibi harusi wa Kristo anahitaji kuangaliwa, hilo nalikubali, ingawa nalikubali shingo upande, kwa sababu kuuguzwa ni jambo moja na kuondolewa njiani ni jambo lingine. Tena ugonjwa una mwanzo na unaweza kuwa na mwisho. Mwaka 1937 binti yake Cecilie, mjamzito, alikufa katika ajali ya ndege huko Ostend pamoja na mumewe na wanawe wawili, na ni kwenye mazishi hayo Alice na Andrew walipoonana kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa. Msiba wa namna hiyo ungemrudisha wodini mtu yeyote, lakini yeye alirudi Athens kufanya kazi na maskini.

Athens ilipokaliwa na Wajerumani, aliandaa vituo vya kugawa chakula kwa wenye njaa, na kuanzia mwaka 1943 alimficha Rachel Cohen, mjane wa Kiyahudi, pamoja na wanawe wawili, katika nyumba ya shemeji yake alimokuwa akiishi. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipokuja kumhoji, alijifanya haelewi wanachouliza, akautumia uziwi wake kama ngao hadi wakachoka. Jenerali mmoja wa Kijerumani, akidhani anazungumza na mwenzao, alimuuliza anaweza kumsaidia nini, naye akamjibu aondoe majeshi yake katika nchi hii. Ninajua watakaoniambia kwamba waume wa mabinti zake walikuwa upande wa Hitler. Walikuwa, naam, lakini yeye hakuwafuata.

Mwaka 1949 alianzisha shirika la masista wa kutunza wagonjwa, na mwaka 1953 aliingia katika kutawazwa kwa Elizabeth akiwa na vazi lake la kijivu la kitawa, katikati ya mataji. Alifariki katika kasri la Buckingham tarehe 5 Desemba 1969, akiwa amegawa karibu kila alichokuwa nacho. Alikuwa ameomba azikwe Yerusalemu, na binti yake alipolalamika kwamba huko ni mbali mno kwa kuzuru kaburi, alimjibu kwamba huo ni upuuzi, mabasi mazuri yapo. Ombi hilo lilitimizwa mwaka 1988, na Yad Vashem, taasisi ya Israeli inayowakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ikamtambua kwa kuwaokoa akina Cohen mwaka 1993, wakati yeye ana zaidi ya miaka ishirini kaburini.