Rangi mnayo, maji hamna

Kuna duka moja Dar es Salaam, jina lake nalihifadhi, linauza majani ya mkungu ya kutia kwenye matangi ya samaki. Ndiyo, mkungu. Majani makavu kumi ndani ya mfuko wa nailoni wenye picha ya samaki, shilingi 15,000, yametoka ng'ambo. Mwenzangu mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kayaagiza, yakapandishwa basi, akalipia na kifurushi. Na nje ya geti lake upo mkungu, ule ule ambao kila Jumamosi anamlipa kijana aje kufagia chini yake.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Tanga hii! Ukipita Raskazone asubuhi unakuta kina mama wameshakusanya majani mafungu mafungu, mengine mekundu, mengine yameshakuwa kahawia, wanayatia kiberiti. Watoto wanagonga kungu kwa mawe wapate kile kiini cha ndani. Hakuna anayeyatazama hayo majani mara mbili. Siku moja nilimwomba mama mmoja mfagiaji anijazie kiroba kabla hajachoma, akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Pole mwanangu, ni tumbo au kidonda?" Nilipomwambia ni ya samaki, huruma ikaongezeka.

Lakini hela ni zake, azitumie apendavyo. Kilichonitoa kwenye kiti ni alichokifanya baada ya hapo. Kachota maji ya kisima, kajaza tangi, katupia yale majani yake ya kifahari, yakatoa rangi. Kapiga picha, kaituma kila mahali: "Maji meusi, Amazoni imehamia Makorora." Watu wakammiminia sifa. Na tangu hapo naona kila mwenye akwariamu mjini hapa anafanya hivyo hivyo: maji ya kisima, majani mawili matatu, picha. Jamani, hiyo ni chai ya mkandaa. Rangi mnayo, maji hamna.

Hebu tuelewane. Rio Negro, ule mto wa Amazoni huko Brazili, haukuwa mto wa maji meusi kwa sababu mtu aliupaka rangi. Mvua inanyesha juu ya ardhi kongwe ya mchanga, mchanga ulioshaoshwa mpaka haujabakiwa na madini ya kuyeyuka. Maji yanapita hapo yakiwa karibu yale yale yaliyotoka mawinguni. Halafu yanakutana na msitu uliofurika, majani na magogo yanaoza polepole, yanatoa tanini na asidi za humiki, ndizo zinazoyatia maji rangi ya chai. Kwa kuwa hakuna chokaa ya kuzipinga hizo asidi, pH, yaani kipimo cha uchachu (7 ndiyo katikati, ikishuka uchachu umezidi), inashuka hadi 4 au 5. Mto unapofika Manaus na kukutana na Solimões, wenye maji ya rangi ya matope, mito hiyo miwili inakwenda ubavu kwa ubavu kilomita kadhaa bila kuchanganyika. Ukiangalia picha utadhani mtu kapiga rula.

Kwa hiyo rangi ndiyo inayokuja mwisho. Kinachotangulia ni maji laini, yaani yasiyo na chokaa.

Sasa tazameni tulipokaa sisi. Chini ya miguu yetu kuna nini? Mapango ya Amboni yamechimbika ndani ya mawe gani? Pale Pongwe wanapasua nini mchana kutwa, mpaka tukawa mji wa saruji? Chokaa. Mji umekaa juu ya chokaa, na kisima cha uani kinachota humo humo. Mnayajua maji hayo, msijifanye wageni. Unasugua sabuni mpaka mkono unachoka, povu hakuna. Birika la umeme lina ukoko mweupe chini, ukiugonga na kijiko unabanduka vipande. Ule ukoko ndio uliomo kwenye tangi la yule bwana. Kila tone la asidi linalotoka kwenye jani linakutana nao na linamalizwa pale pale. Tia majani kapu zima, maji yatakuwa meusi huoni upande wa pili, lakini ukipima pH utakuta imegoma juu ya 7, inakucheka.

"Mbona samaki wangu hawafi?" Hilo ndilo jibu ninalopewa kila nikisema haya. Kweli, hawafi. Na mfungwa naye hafi.

Muulize swali lingine: wanazaa? Mchukue Apistogramma, samaki wa mito hiyo ya Amazoni, kisiklidi kidogo (siklidi ni ukoo mmoja na perege), dume hata kidole changu cha kati halifiki. Jike lake linataga darini, yaani juu kwa ndani ya pango. Kwangu pango ni kifuu cha nazi nilichokipindua nikakitoboa ukingoni. Likishataga linageuka njano kali lenye mabaka meusi, na dume hata akiwa mkubwa mara mbili yake analikimbia. Ukimulika tochi kwa chini unayaona mayai yamebandikwa juu, mekundu mekundu. Kwenye maji laini yenye uchachu, baada ya siku chache unaanza kuona vijimkia vinatikisika. Kwenye maji magumu, yaani ya chokaa, mayai mengi yanageuka meupe, yanaota ukungu, na jike linayala moja moja mpaka dari linabaki tupu. Halafu linataga tena. Halafu tena. Mwenye tangi hajui chochote, anaona samaki wake wamenawiri, anapiga picha. Mimi hilo linaniuma, sifichi.

Dawa yake haiuzwi dukani. Inadondoka bure. Masika inatupiga kuanzia Machi mpaka Mei, vuli inakuja Oktoba, na maji yote hayo yanapita kwenye mabati yetu kwenda mtaroni, halafu tunakwenda kuchota kisimani tukafuge samaki wa mvua. Akili gani hii?

Kinga mvua. Ile ya kwanza iache ipite. Inaosha vumbi, mavi ya kunguru na, kwa sisi wa karibu na bahari, chumvi iliyopeperushwa na upepo mpaka juu ya paa. Mvua ikishanyesha vizuri ndipo ulete pipa, la plastiki, lenye mfuniko, la sivyo utakuwa unafuga mbu wa dengi badala ya samaki. Mabati mapya ya zinki yasiyo na rangi siyapendi, kwa sababu maji laini yanalamba zinki na zinki si rafiki wa samaki. Kinga kwenye paa la rangi au la vigae ukiweza. Kisha majani ya mkungu yaliyojiangusha yenyewe, makavu, si mabichi ya kuchuma, na si ya pembeni mwa barabara ya malori. Yasuuze, yatupie kwenye pipa, funika, kaendelee na shughuli zako. Baada ya wiki mbili hivi ukilifunua unakuta rangi ya kaharabu na harufu ya msitu baada ya mvua. Hayo sasa ni maji. Majani mengine yaweke tangini yatulie chini. Yakianza kulainika yanaota utando, na vifaranga wakishaanza kuogelea wanashinda humo wakiuchokonoa.

Maji ya bomba je? Chanzo chake ni mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, yanakusanywa Mabayani, na yana dawa. Yaache wazi usiku kucha, pima ugumu wake, uamue. Msiniulize mimi, nunueni kipimo. Na kwenye vipimo hapo nakubali, shingo upande, kwamba yale maduka yana faida. Ile chupa ndogo ya kupimia ugumu huwezi kuiokota chini ya mti.

Halafu mchanga. Wallahi huu mchanga wa pwani utaniua. Mtu kafanya yote, kakinga mvua, kaloweka majani, kisha kaenda ufukweni na ndoo, kamwaga chini mchanga mweupe unaong'aa, juu kapanga makombe na kipande cha tumbawe "kwa urembo". Ndugu, umeirudisha chokaa yote uliyokuwa unaikimbia. Chukua mchanga huo kijiko kimoja, weka kwenye sahani, udondoshee siki. Unachemka. Unasikia kabisa unatoa sauti, ss-ss, na viputo vinapanda pembeni mwa kila chembe. Hiyo ni chokaa inaliwa na asidi, na ndani ya tangi itakuwa ikiliwa hivyo hivyo, polepole, mwaka mzima. Tumia mchanga wa mtoni, wa ujenzi, uoshe mpaka maji yatoke safi, nao uupime kwa siki. Mchanga ukinyamaza, ni wako.

Magogo: mpera mkavu, basi. Mikoko iacheni, kuikata bila kibali ni kosa na mnalijua.

Hita huku ni ya nini? Labda kipupwe cha Julai. Februari tatizo linakuwa kinyume chake, kwa sababu kwa hawa Apistogramma joto linaingia mpaka kwenye jinsia: maji yakiwa ya moto zaidi madume yanakuwa mengi. Jirani yangu akisikia hilo anasema na watu wa Tanga ndivyo tulivyo, sijui ana maana gani.

Kuna jambo moja hatari na naomba hapa mnisikilize bila utani. Maji yenye uchachu yanapunguza kasi ya bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Uchafu ule unabaki kama amoniamu, ambayo haina madhara makubwa pH ikiwa chini. Sasa mvua zimekatika, pipa limekauka, tangi limepungua, na wewe unaona uvivu. Unachota ndoo ya kisima unamwaga. pH inaruka. Ile amoniamu inageuka amonia, nayo ni sumu. Asubuhi wote wamelala ubavu, na unasema mtu amekutupia jicho. Kama huna mahali pa kuweka mapipa ya kukuvusha kiangazi, basi, nasema hivi kwa uchungu, kaa na maji yako ya kisima na ufuge kinachoyapenda. Maji magumu yasiyobadilika ni heri kuliko maji laini ya leo ndiyo kesho hapana. Wapo hata samaki malaika, nao asili yao Amazoni, waliozalishwa mashambani vizazi na vizazi, na hao kwenye maji ya kati wanakwenda vizuri tu. Sitaki kubishana juu ya hao.

Na kinachoyapenda maji magumu tunacho, tena ni chetu. Siklidi wa Ziwa Tanganyika wanaishi kwenye pH ya karibu 9. Wa Ziwa Nyasa nao wanataka juu ya 7. Maji ya Makorora kwao ni pepo. Kwa hiyo yule aliyeandika juzi kwamba kawaingiza Tropheus, siklidi wa Tanganyika, kwenye "maji meusi" ili wapate rangi, namwombea tu kwamba maji yake yawe feki kama ya wengine, yasije yakawaua.

Hapo ndipo wengine wananibana: sasa wewe mzalendo, unahangaika na samaki wa Brazili wa nini, wakati nchi nzima imejaa siklidi? Swali zuri, naliona limekaa vibaya kooni. Korogwe hapo, saa chache kwa basi, kuna perege aliyepewa jina la mji wenyewe, Oreochromis korogwe, aliyeandikwa kitaalamu na mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe mwaka 1955, na mwaka huo huo akamwandika na wa Pangani. Tunawakaanga bila kuwajua majina. Furu wa Ziwa Victoria, nao ni siklidi, wengi walitoweka baada ya sangara kupandikizwa kule miaka ya 1950, na aliyelia hakuonekana. Kwa hiyo ndiyo, anayetaka kumfuga perege wa Korogwe nitamwunga mkono kwa mikono miwili, ila ajue anakua mkubwa na anachimba. Tangi la sebuleni atalipindua.

Mimi nabaki na vijisamaki vyangu vya kwenye kifuu. Shangazi yangu kila akija, kabla hata sijamaliza shikamoo, anasema, "Marahaba, haya maji utabadilisha lini?" Nimeshaacha kueleza. Nampa kiti cha upande ule ili awe na cha kusema.

Yule bwana wa Makorora nimempelekea ujumbe: majani yake aliyonunua yatumike, si haramu, lakini pipa nina moja la ziada na vuli ndiyo inakuja. Amejibu kwamba atafikiria, na akaniuliza kama mvua nayo inapatikana kwenye lile duka.