Muuguzi mmoja, wagonjwa wangapi?

Saa tisa usiku, wodi ya upasuaji. Muuguzi yuko mmoja, vitanda 18 vimejaa. Kupima presha, joto, mapigo na upumuaji wa mgonjwa mmoja, ukijumlisha kunawa mikono na kuandika kwenye faili, ni dakika tano kwa mzoefu. Mzunguko mmoja unakula saa moja na nusu, kama hakuna kitakachomkatiza. Lakini drip ya kitanda cha 4 imeziba, wa kitanda cha 9 anataka kwenda chooni na hawezi kusimama, wa 12 anatapika. Kitanda cha 16 yuko mama aliyetoka chumba cha upasuaji jioni. Mapigo yake yamepanda kutoka 88 hadi 124 tangu saa sita, anavuja damu ndani kwa ndani, na amelala kimya. Akifikiwa saa tisa na nusu atarudishwa kwa daktari wa upasuaji na pengine atapona. Akifikiwa saa kumi na moja, hilo ni jambo jingine. Hapo hakuna mzembe.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo imezua mabishano ya miaka mingi katika sera za afya: je, sheria itaje idadi ya juu kabisa ya wagonjwa ambayo muuguzi mmoja anaweza kupangiwa, au jambo hilo waachiwe wakuu wa hospitali waamue wodi kwa wodi? Mimi naegemea upande wa sheria. Hata hivyo wanaopinga wana hoja, na mojawapo bado inaniumiza kichwa.

Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria yake mwaka 1999, na utekelezaji ukaanza 2004: wagonjwa wawili kwa muuguzi mmoja katika chumba cha mahututi, sita katika wodi za kawaida, kisha watano kuanzia 2005. Gavana wa wakati huo, Arnold Schwarzenegger, alijaribu kuahirisha hatua ya kushuka hadi watano. Wauguzi wakamburuza mahakamani, wakashinda.

Nguvu ya upande huu ilitoka kwenye utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa 2002 baada ya kufuatilia zaidi ya wagonjwa 232,000 wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Hospitali ya wagonjwa wanane kwa muuguzi ikilinganishwa na ya wanne, pengo linafika asilimia 31. Mwaka 2014 nchi tisa za Ulaya zilipimwa kwa mtindo huohuo, na asilimia 7 ikajitokeza tena.

Wapinzani wana jibu, nalo ni la kitaalamu: mambo mawili kwenda pamoja hakumaanishi moja limeleta jingine. Hospitali yenye wauguzi wa kutosha huenda ina pia vifaa bora na madaktari wa kutosha. Na kweli, tafiti zilizolenga matokeo ya sheria ya California yenyewe hazikusema kwa sauti moja. Ndiyo maana napenda zaidi mfano wa Queensland, Australia. Huko idadi zilianza kutumika 2016 katika hospitali 27, nyingine 28 zikabaki kama zilivyokuwa, na watafiti wakalinganisha kabla na baada. Katika zile zisizoguswa vifo havikubadilika kwa kiasi cha maana. Katika zilizoguswa vilipungua. Siku za kulazwa zilipungua zaidi huko kuliko kwingine, waliorudi wodini baada ya kuruhusiwa hawakuongezeka ilhali katika zisizoguswa waliongezeka, na fedha iliyookolewa ikazidi mara mbili gharama ya wauguzi walioongezwa. Baada ya hapo, mkuu wa fedha anayesema "hatumudu" ana kazi ya kueleza anapiga hesabu za upande gani wa daftari.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba namba haina macho. Wagonjwa watano wanaosubiri kuruhusiwa kesho si sawa na watano ambao wawili kati yao wanahitaji damu na mmoja amechanganyikiwa, anachomoa mipira aliyowekewa mwilini. Ni kweli kabisa, muuguzi yeyote atakuambia. Wales walijaribu kulitatua hilo kwa sheria ya 2016 isiyotaja namba: inamtaka mtu aliyeteuliwa akokotoe idadi ya wauguzi kwa kuangalia uzito wa wagonjwa, viashiria vya ubora na uamuzi wa kitaaluma. Inapendeza kuisoma. Shida yake ni kwamba uamuzi wa kitaaluma wa msimamizi wa wodi hukutana na bajeti ya mkurugenzi mezani, na sote tunajua nani huondoka amekunja mkia. Namba ni butu, sikatai, lakini ubutu huo ndio kinga yake, kwa sababu haibembelezeki.

Wala wauguzi wenyewe si wamoja. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliulizwa kama wanataka idadi maalumu, pamoja na faini ya hadi dola 25,000 kwa kila ukiukaji. Chama kimoja cha wauguzi ndicho kilicholipeleka suala hilo kwenye kura. Kingine kilisimama na hospitali kulipinga. Takriban asilimia 70 walisema hapana. Hospitali zilikuwa zimewatisha watu kwamba vitanda vitafungwa na mapokezi yatafurika, na hofu hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli.

Chembe hiyo ndiyo inayoniumiza kichwa. Sheria ikisema watano, wa sita yuko wapi? Yuko kwenye korido ya mapokezi, au njiani akipelekwa hospitali ya mbali, au nyumbani. Takwimu za wodi zitapendeza kwa sababu yeye hayumo. Penye wauguzi wa kuajiriwa, huyo wa sita atapata kitanda baada ya miezi michache ya ajira mpya. Pasipo nao, sheria itakuwa imehamisha hatari kutoka wodini hadi mlangoni, ambako hakuna faili linaloandikwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani mwaka 2023. Ila neno "upungufu" linaficha mengi. Zipo nchi ambazo wodi ziko tupu kwa upande wa wauguzi, huku wenye leseni wakikaa nyumbani kwa sababu serikali haina fungu la mishahara. Wapo pia walioacha kwa kuchoka. Utafiti uleule wa Pennsylvania ulionyesha kila mgonjwa wa ziada akiambatana na asilimia 23 zaidi ya uwezekano wa muuguzi kuishiwa nguvu za kazi. Kwa hiyo anayesema "tungoje tupate wauguzi ndipo tupunguze mzigo" anangoja maji yajae kwenye ndoo iliyotoboka. Na nchi tajiri inayopunguza mzigo wake kwa kuajiri kutoka nchi maskini inaziba tundu la ndoo yake kwa kutoboa ya jirani. Katika nchi za kipato cha juu, asilimia 23 ya wauguzi walizaliwa nchi nyingine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uajiri wa namna hiyo, iliyopitishwa 2010, ni ya hiari.

Ningetaka basi idadi ziingie sheriani kwa awamu, zianze na chumba cha mahututi na wodi za upasuaji, zikiambatana na fungu la ajira lililotengwa siku hiyohiyo. Na ziwe za kila dakika ya zamu. California ilishikilia hilo: muuguzi akienda kula, wagonjwa wake hawamiminwi kwa mwenzake mwenye watano tayari. Hospitali zilikwenda mahakamani kulipinga, zikashindwa.

Kuna jambo dogo zaidi la kuiga mahali ambapo bunge haliko tayari kutaja namba. Jimbo la Texas, Marekani, halina idadi za lazima, lakini muuguzi anayepangiwa mzigo anaoamini utamdhuru mgonjwa anaweza, kabla ya kuupokea, kuandika kwamba anaomba kinga. Kazi anaweza kuendelea nayo, leseni yake inalindwa, mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kuandika, na kamati ya wauguzi wenzake inakaa kupima kama alikuwa na sababu. Mahali pengine, mama wa kitanda cha 16 akifariki, anayeitwa mbele ya baraza ni yule aliyekuwa zamu, na ratiba iliyompanga peke yake haiitwi.