Kisoma skrini ni cha bure, lakini waraka umefungwa

Juma lililopita nilitumiwa tangazo la ajira la taasisi moja ya umma. Nililifungua kwa hamu, na NVDA, kisoma skrini kinachonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, ikanijulisha kwamba ukurasa ni mtupu. Haukuwa mtupu. Kuna mtu aliyeliandika tangazo hilo kwenye kompyuta, akalichapa, likatiwa saini na kugongwa mhuri, kisha akaliskani na kulisambaza likiwa picha, na kwa hatua hiyo ya mwisho akatufungia mlango sisi tusioona.

Linaniuma kwa sababu kikwazo cha gharama kiliondolewa zamani. Wakati fulani asiyeona aliyetaka kutumia Windows alitegemea zaidi visoma skrini vya kulipia kama JAWS, ambayo leseni yake iliuzwa kwa mamia ya dola, fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuzitoa mfukoni. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, alianza kuitengeneza NVDA. James Teh, naye asiyeona, akaungana naye, wakaanzisha shirika lisilo la kibiashara la NV Access. Leo mtu huipakua bila kulipa hata senti, na akitaka huibeba kwenye flashi na kuitumia katika kompyuta ya watu bila kuisakinisha. Waraka ukiandaliwa vizuri, herufi H humrusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, na K kutoka kiungo hadi kiungo.

Wapo wanaolalamika kwamba sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, inayokuja pamoja na programu hiyo, ni kavu. Ni kweli, lakini hata ukiiongezea kasi bado silabi zinasikika, na mwenye kazi nyingi anahitaji hilo kuliko utamu.

Nitaambiwa pia kwamba NVDA inaweza kutambua maandishi yaliyomo ndani ya picha. Inaweza, kwa kubonyeza Insert na R, nami nilifanya hivyo. Mhuri ulikuwa umeangukia tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, hivyo mahali pa tarehe nilisomewa herufi zisizoeleweka, na katika jedwali la sifa za waombaji miaka ya uzoefu ya nafasi moja ikachanganyika na shahada ya nafasi nyingine. Ilinibidi nimwombe mtu anisomee, wakati faili linalosomeka lilikuwapo katika kompyuta ya ofisi ile tangu mwanzo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, nao unataka taarifa zinazotolewa kwa umma zitufikie katika muundo tunaoweza kuutumia. Kwa tangazo la kurasa mbili, utekelezaji wake hauhitaji bajeti wala mtaalamu kutoka nje. Katibu muhtasi anayeandika kwa Word ahifadhi waraka moja kwa moja kuwa PDF, vichwa vya habari aviweke kwa mitindo (Styles) iliyomo humo badala ya kukoleza wino tu, na nakala yenye mhuri, kama utaratibu wa ofisi unaidai, aiambatanishe pembeni. Tarehe ya mwisho aiandike pia katika ujumbe wenyewe.