Nani agawe anwani: faiawoli au seva?

Katika ofisi nyingi ndogo za Lubumbashi, kama zile za mawakala wa forodha wanaofuatilia mizigo ya mpakani Kasumbalesa, faiawoli, yaani kifaa cha ulinzi wa mtandao, inabeba kila kitu: inalinda mlango wa intaneti, inatenganisha mitandao ya ndani, inagawa na anwani kwa DHCP, utaratibu unaoipa kila kompyuta namba yake ya mtandao. Kuna mafundi wanaouona huo ni uvivu. Kifaa cha ulinzi kilinde, wanasema, anwani zigawiwe na seva. Wenzao wanauliza: seva ipi, na nani ataitunza?

Mimi nawaelewa hao wa pili. Ofisi ya watu kumi na tano, pamoja na printa na simu za mkononi, haifikishi vifaa hamsini, na mtandao mdogo wa kawaida, unaoandikwa /24, una anwani 254. Weka anwani zinazoishia na .2 hadi .49 pembeni kwa printa, kamera na vifaa vingine visivyohama, acha .50 hadi .250 zigawiwe: hizo ni 201, na nyingi zitakaa bila mtu. Kununua seva kwa ajili hiyo tu ni kutupa pesa.

Wanaopinga wana hoja yao kuu: faiawoli ikizima, ugawaji nao umekufa. Ni kweli, ila si papo hapo. Anwani hukopeshwa kwa muda, na kompyuta huanza kuomba kuongezewa nusu ya muda huo inapofika. Ukikopesha kwa saa 24, kompyuta iliyowaka ina walau saa 12 hivi za kuendelea kuchapisha na kufungua mafaili ya ndani bila kumtegemea mgawaji.

Shida yetu hasa ni umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata, vyote vinazima pamoja. Ukirudi, vyote vinaamka pamoja. Faiawoli huweza kuchukua dakika kadhaa kuwa tayari, wakati kompyuta imeshawaka na inaomba anwani. Isipojibiwa, Windows inajipa anwani inayoanza na 169.254, isiyofika intaneti, na karani anapiga simu kwamba intaneti imekufa. Seva haiondoi shida hiyo, maana nayo huamka taratibu, pengine taratibu zaidi. Dawa ni betri ya akiba kwa faiawoli na swichi ya mtandao, basi.

Upande wa seva unapata nguvu pale wageni wanapoingia, kwenye hoteli au ukumbi wa mikutano. Faiawoli ya Cisco ASA, kwa mfano, haigawi zaidi ya anwani 256 kwa kila mlango wake wa kuunganishia mtandao, na anwani hizo lazima ziwe za mtandao wa mlango huohuo. Kabla ya kukimbilia seva, lakini, tazama muda wa mkopo. Ukimkopesha mgeni wa chakula cha mchana anwani ya siku nane, ambao ndio muda wa kawaida wa Windows Server, akiba ya anwani itaisha huku ukumbi ukiwa mtupu. Saa moja inamtosha. Kwa kampuni yenye matawi mengi sibishani: seva moja, na kila tawi lipeleke maombi kwake.

Wapo pia wanaowasha vyote viwili kwenye mtandao mmoja, kwa tahadhari. Inawezekana, mradi safu za anwani zisigongane: faiawoli ipewe .50 hadi .149, seva .150 hadi .250. Bila mgawanyo huo, kompyuta mbili zitaweza kupewa anwani moja.