Gari la deraya la walinda amani likiharibika Beni, mashariki mwa Kongo, nani alitengeneze?

Kwa kawaida Umoja wa Mataifa hauna magari ya deraya ya kuvigawia vikosi vya kulinda amani. Kila nchi huja na yake, kisha serikali yake hulipwa kodi ya kuyakodisha, inayohesabiwa kwa mwezi. Utaratibu huu wa tangu 1996 una njia mbili. Nchi inaweza kuleta gari pamoja na mafundi na spea, ikalitunza yenyewe na kulipwa zaidi. Au inaleta gari tu, na matengenezo yanabebwa na Umoja au na nchi nyingine.

Wanaotetea njia ya kwanza wana hoja nzito. Fundi wa jeshi hilo analijua gari lake, na yuko kambini usiku gari linapogoma. Fundi wa mkandarasi wa Umoja hatakuja kwenye barabara yenye risasi. Pia kuna kibano: angalau asilimia 90 ya magari ya kila aina yaliyomo kwenye mkataba lazima yawe mazima, la sivyo malipo yanakatwa. Wakaguzi hupita mara kwa mara.

Tatizo ni spea. Kodi huingia hazina ya taifa, si kwenye karakana ya Beni. Kamanda anayehitaji rejeta huandika nyumbani, nyumbani watafute fungu, watangaze zabuni, waagize labda Afrika Kusini au China, wasubiri kontena, ndipo mzigo uingie Kongo na kukutana na matope ya barabara ya Mbau–Kamango. Mafundi wakichoka kungoja huchinja gari moja: rejeta inakwenda huku, betri kule, difu kwa la tatu. Doria ya wiki hii imepona, ila lililochinjwa halifufuki kirahisi, na mkaguzi akija linahesabiwa bovu.

Njia ya pili inafaa zaidi kwa magari ya msaada. Baadhi ya magari ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa Somalia hadi 2022, yalitoka kwa wafadhili, na haikuwa haki kuidai nchi kama Burundi iwe na ghala la spea za gari ambalo haikulichagua. Lakini hapo huzuka ubishi usiokwisha: ni dereva aliyeua gia boksi, au ni aliyetakiwa kubadilisha oili?

Mimi naegemea njia ya kwanza, kwa sharti moja: sehemu ya kodi ifungiwe kwenye mfuko wa spea, na sahihi ya matumizi iwe ya mkuu wa karakana, si ya ofisa wa makao makuu ambaye hajawahi kulala chini ya gari. Hazina zitapinga, tena si bila sababu. Serikali ilinunua magari hayo kabla ya kulipwa hata senti, na Umoja wenyewe huchelewesha malipo kwa kuwa wanachama, Marekani ikiwemo, huchelewesha michango. Kwa hiyo mfuko huo uanze na fedha za bajeti ya nchi kabla kikosi hakijaondoka, kodi ije kuujaza baadaye.