Asiyeona ana ramani yake, msimvute tu mkono

Kuna swali watu wanapenda sana kumuuliza mjomba wangu, eti mzee wewe unaona giza tupu? Mjomba hajaona tangu azaliwe, sasa hilo giza kalijulia wapi? Swali hilo linaniuma kwa sababu anayeuliza keshaamua kwamba asiyeona kichwani hana picha ya chochote, kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Si kweli jamani.

Ukikaa naye sebuleni akikuagiza kitu anakwambia kipo nyuma yako juu ya kabati, kushoto, na hiyo kushoto ni ya kwako wewe, sio yake. Maana yake chumba chote anacho kichwani mpaka ulivyokaa.

Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Barbara Landau, na wenzake waliandika kuhusu mtoto wa miaka 2 na nusu aliyezaliwa haoni. Walimtoa alipokaa mama yake wakampeleka mezani wakamrudisha kwa mama, wakampeleka kwenye mito wakamrudisha, na kwenye kikapu cha midoli hivohivo, halafu wakamwambia atoke kitu kimoja aende kingine moja kwa moja bila kupitia kwa mama, njia ambayo hajawahi kupitishwa. Akaenda! Njia ya mkato huipati kwa kukariri hatua, lazima ujue kila kitu kimekaaje na mwenzake.

Na sio mikono na miguu tu. Daniel Kish, Mmarekani aliyetolewa macho yote akiwa mchanga kwa sababu ya saratani, anapiga vidoko kwa ulimi anasikiliza mwangwi, anajua ukuta uko wapi na mti uko wapi, na baiskeli anaendesha.

Ndo maana nasema muulize kwanza. Juzi kati mjomba kasimama zake barabarani akatokea mtu mwenye nia njema kabisa, akamshika mkono akamzungusha akamvusha, akaondoka. Mjomba hakuwa anavuka. Nilimkuta kasimama palepale na fimbo yake, hajui kaelekea wapi, nikataka kumshika akanambia subiri kwanza. Tukasubiri. Mashine ya kusaga ilipowashwa kule ng'ambo akageuza uso, akasema haya, kumbe duka la Mangi liko mgongoni, twende.